Barua ya wazi: Maelekezo ya akili mnemba yapite kwanza mikononi mwa fundi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri, Makatibu Wakuu na Wakurugenzi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mnaosimamia maji, nishati, biashara na mafunzo ya amali. Kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar, Mamlaka ya Serikali Mtandao, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na Baraza la Kiswahili la Zanzibar.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Nina ombi moja, nalitaja mwanzo ili lisije likapotea katikati ya maneno. Karatasi yoyote ya maelekezo ya kiufundi inayomfikia mwananchi, iwe ya kufunga sola, kutia dawa kisimani, kuendesha pampu au kutunza mashine ya boti, isitoke ofisini wala dukani mpaka mtu mwenye ujuzi awe ameifuata hatua kwa hatua, kwa mikono yake, juu ya kifaa chenyewe, kisha akatia jina lake na tarehe. Kuisoma tu hakutoshi, wala kusahihisha herufi hakutoshi. Aifanye kazi iliyoandikwa, aone inaishia wapi.

Ombi hili lingekuwa na haki hata miaka kumi iliyopita. Sasa limekuwa la haraka, kwa sababu karatasi ninazokutana nazo vijijini siku hizi zinaandikwa na akili mnemba, zinachapishwa, zinatiwa plastiki na kugaiwa watu, na hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyegusa kifaa kinachoelezwa.

Mimi ni fundi wa umemejua hapa Pemba. Nafunga mifumo, natengeneza iliyoharibika, na nafundisha wanagenzi. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipotufikia mwaka 2010 maisha ya kisiwa yalibadilika, lakini zipo sehemu, khasa za pwani na za visiwa vidogo, ambako sola ndiyo inayovuta maji, ndiyo inayopoza samaki, ndiyo inayosaga. Huko ndiko karatasi hizi zinakokwenda, na huko fundi hapatikani kwa kupiga hodi nyumba ya pili.

Nichukue karatasi moja tu niifungue mbele yenu.

Kikundi cha akina mama wa mwani, pwani ya mashariki, kilipewa mfumo wa umemejua wa kuendeshea mashine ya kusagia mwani mkavu. Vifaa vilikuwa vizuri, sina la kusema juu ya paneli wala betri. Pamoja navyo ikaja karatasi ya kurasa mbili. Kiswahili chake kimenyooka, vichwa vya habari vimekolezwa wino, kila hatua ina namba yake. Ukiiona unaridhika.

Ukurasa wa kwanza uliwaambia waelekeze paneli kusini, kwa mwinamo wa nyuzi 30. Hayo ni maelekezo ya mtu anayeishi kaskazini ya ikweta. Pemba iko kiasi cha nyuzi 5 kusini ya ikweta. Paneli zetu sisi tunazilaza karibu bapa, nyuzi 10 hivi ili mvua izioshe, zikitazama kaskazini. Wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni, jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini, na paneli iliyoinamishwa nyuzi 30 kuelekea kusini inapoteza karibu nusu ya mwanga ambao ingeupata. Mama anaona mashine haina nguvu, anadhani ameuziwa kitu kibovu.

Chini yake kukaandikwa: unganisha paneli kwenye kontrola, kisha unganisha betri. Kontrola ni kile kisanduku kinachopitisha umeme wa paneli kwenda kwenye betri kwa kipimo. Mwanagenzi wangu wa mwezi wa kwanza anajua kuwa ni kinyume chake. Betri hutangulia, kwa sababu kontrola nyingi husoma kwanza volti za betri ili zijue zinafanya kazi na mfumo wa volti 12 au wa volti 24. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa haijabeba mzigo na jua limewaka, hutoa volti 21 au 22. Kontrola ikipokea volti hizo kabla haijaiona betri inaweza kusoma vibaya na kuichaji betri kupita kiasi, au ikaungua yenyewe. Na ukitaka kuufungua mfumo, paneli ndiyo hutoka kwanza, betri mwisho. Akina mama walifuata karatasi kama ilivyoandikwa, mchana kweupe, paneli ikiwa imekwishawekwa juu ya bati. Kontrola ikaungua siku hiyo hiyo.

Ukurasa wa pili ulihusu matunzo. Kila mwezi, karatasi ilisema, fungueni kofia sita za betri, angalieni kiwango cha maji, ongezeni maji yaliyosafishwa. Betri yao ilikuwa ya lithiamu, boksi lililozibwa pande zote, halina kofia hata moja. Nilipofika nilikuta mikwaruzo ya bisibisi ubavuni mwa betri. Mweka hazina wa kikundi, mama mwenye uangalifu na pesa za wenzake na mali za wenzake, alikuwa akitafuta pa kufungulia. Akaniambia, "Fundi, imeandikwa zipo sita, basi itakuwa zimejificha." Aliiamini karatasi kuliko macho yake, na sababu anayo: karatasi imetoka kwa waliosoma, imepita kwa wakubwa, imetiwa plastiki. Bisibisi ile ingepenya ndani ya betri, ingepiga shoti mahali ambapo hakuna fyuzi ya kuzuia, na moto wa betri ya namna hiyo si wa kuzimwa kwa ndoo ya mchanga iliyowekwa mlangoni.

Nilifuatilia mpaka nikampata kijana aliyeitoa karatasi ile. Hakuwa mzembe. Mkubwa wake alimuagiza apate maelekezo ya Kiswahili kabla mzigo haujapakiwa; akafungua akili mnemba kwenye simu, akaiomba imtengenezee maelekezo rahisi ya kufunga na kutunza sola, akasoma alichopewa, akaona Kiswahili safi kuliko ambavyo angeandika mwenyewe, akachapisha. Betri yenyewe hakuiona. Ilikuwa ndani ya boksi.

Waheshimiwa, nataka tuelewane kwa nini mashine iliandika vile, maana dawa inatoka hapo. Akili mnemba ya aina hii, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022, imefundishwa kwa kupitishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukadiria neno gani linafuata, kisha lifuatalo, mpaka jibu likamilike. Haijashika waya wala haijasimama juu ya bati saa saba mchana. Ukiiuliza juu ya betri bila kuiambia betri gani, itakujibu kwa yale yaliyoandikwa zaidi. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Vitabu vya kuitunza vimekuwa vikiandikwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Betri ya lithiamu, chuma na fosfeti, ambayo ndiyo tunayoipokea sasa, ilitangazwa na watafiti katika miaka ya 1990. Na wanaoandika sana juu ya sola kwenye intaneti wako Ulaya, Marekani na China, ambako kweli paneli hutazama kusini. Maandishi ya Kiswahili juu ya vifaa hivi ni haba. Kwa hiyo mashine inachota kwa wengine, inatupa sisi kwa lugha yetu, na lugha ile inatufanya tudhani imeandikwa na mtu anayetujua.

Hapo ndipo hatari hii inapokuwa mpya. Zamani karatasi mbaya ilijitangaza yenyewe. Tumekulia kwenye karatasi za tafsiri zisizo na kichwa wala miguu. Mtu alikuwa akisoma mstari wa kwanza anajua hapa hapana mwalimu, anamwita fundi. Ubovu wa lugha ulikuwa kinga kwa msomaji. Sasa kinga hiyo imeondoka. Kosa limekaa ndani ya sentensi nzuri, lina namba yake, na linafuatwa na sentensi nyingine nzuri iliyo sahihi kabisa. Msahihishaji wa lugha hata awe hodari vipi hatalikuta, kwa sababu kwenye lugha halipo. Liko kwenye waya.

Kwa yote hayo siombi akili mnemba ipigwe marufuku. Naitumia, na wanagenzi wangu wanaitumia. Pampu za kuzamisha kisimani huja na kitabu cha Kichina na Kiingereza, mara nyingine Kichina peke yake. Kijana aliyeishia kidato cha pili alikuwa akibahatisha kwa kutazama michoro. Leo anapiga picha ukurasa, anaitia kwenye simu, na anaambiwa kwa Kiswahili kwamba taa ile inayowaka na kuzima kwenye kisanduku cha pampu maana yake maji yamekwisha kisimani, asifungue mota bure. Kitabu cha kurasa 80 kinafupishwa hadi zile anazozihitaji akiwa juu ya ngazi. Mzee asiyeona vizuri anasomewa kwa sauti. Hizi ni neema, na kisiwa chenye mafundi wachache kama chetu kina haki ya kuzipata. Tena mkiipiga marufuku watu wataendelea kuitumia kimyakimya, karatasi zitatoka bila mtu kukiri zimetoka wapi, na tutakuwa tumepoteza hata njia ya kufuatilia.

Tofauti iko kwenye namna inavyotumiwa. Kuiuliza mashine kitu kilichomo kichwani mwake ni jambo moja. Kuipa kitabu cha kifaa kile kile, modeli ile ile, na kuiambia isitoke nje ya kitabu hicho, ni jambo jingine, na makosa hupungua sana. Hayaishi, lakini hupungua. Kijana yule angepiga picha kibandiko cha betri akakitia pamoja na swali lake, nina hakika zile kofia sita zisingeonekana. Kwa hiyo katika utaratibu mtakaouweka, naomba mseme wazi: pasiwe na maelekezo yanayoagizwa kwa mashine bila kitabu cha kifaa, na kila namba, iwe ya volti, ampia, lita au gramu, inakiliwe na mtu kutoka kwenye kitabu au kibandiko, kwa kalamu, kabla ya kuchapishwa.

Namba ndizo zinazonikosesha usingizi. Hatujasahau kipindupindu cha 2015 na 2016 na namna tulivyohimizana kutia dawa kwenye maji. Hesabu ya dawa yenyewe si ngumu. Tangi la lita 1,000, ukitaka klorini miligramu 2 kwa kila lita, unahitaji klorini gramu 2. Ule unga wa dukani si klorini tupu. Wenye asilimia 65 utaupima gramu 3 na chembe. Nukta ikiruka nafasi moja, 3 ikawa 30, maji yanapata kiasi cha miligramu 20 kwa lita, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 5. Ikiruka upande wa pili, dawa inatiwa, harufu kidogo inasikika, watu wanakunywa kwa imani, na kinga haipo. Makosa yote mawili yanaandikika kwa Kiswahili kile kile kitamu. Hakuna wa kuyakamata isipokuwa mtu aliyesimama na mizani na kipimo cha klorini, akapima, akatia, akasubiri nusu saa, akapima tena.

Na wavuvi wetu nao wasisahauliwe. Mashine ya boti ya mipigo miwili inayotaka mchanganyiko wa 50 kwa 1 hupewa mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Ya mipigo minne haichanganyiwi kitu, oili yake ina mahali pake. Maelekezo yasiyosema ni mashine ipi yanaweza kumfikia mwenye nyingine, na mvuvi wa Kojani aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi mbali na kwao, atajua hivyo mashine imeshamzimikia kwenye mkondo.

Sasa nije kwenye dhamana. Nilipouliza nani atalipa kontrola iliyoungua, niliambiwa kwamba maelekezo "yalitoka kwenye AI," yaani akili mnemba, na maneno yakaishia hapo, kana kwamba limetajwa jina la mtu anayeweza kuitwa. Kikundi kikalipa chenyewe. Naomba viongozi mlifunge tundu hili mapema. Kanada wameshalikuta. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia liliamua shauri la abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi ya nauli na mashine ya majibu ya shirika la ndege la Air Canada, alipokuwa akisafiri kwa msiba wa bibi yake. Shirika lilijitetea kwamba mashine ile ni kitu kinachojitegemea, kinachobeba dhamana ya maneno yake chenyewe. Baraza likaukataa utetezi huo, likasema shirika ndilo linalowajibika kwa yote yaliyomo kwenye tovuti yake, na likaamuru abiria alipwe. Kule suala lilikuwa nauli. Kwetu ni umeme, dawa na bahari. Sheria au kanuni iseme kwa lugha nyepesi: aliyeitoa karatasi ndiye mwenye karatasi, awe muuzaji, mfadhili au ofisi ya Serikali, haidhuru imeandikwa na nani au na nini.

Iseme pia kwamba msomaji ana haki ya kuambiwa. Maagizo ya Umoja wa Ulaya juu ya mashine, ya mwaka 2006, yanataka maelekezo yaliyotafsiriwa yaandikwe waziwazi kuwa ni tafsiri na yaambatane na maelekezo asilia. Kwa nini mama wa mwani asipate haki hiyo? Chini ya karatasi pawe na mistari mitatu: imeandikwa kwa msaada wa akili mnemba kutoka kitabu fulani, imejaribiwa juu ya kifaa cha modeli fulani na fundi fulani, tarehe fulani, ukikwama piga namba hii. Na kitabu asilia kisiondolewe kwenye boksi, hata kama ni cha Kichina. Fundi atakikuta siku moja kitamfaa.

Kuhusu uandishi wenyewe sitasema mengi, kwa sababu wapo waliotangulia kwa miaka mingi. Watengenezaji wa ndege walianza katika miaka ya 1980 kujiwekea kanuni ya Kiingereza rahisi cha kiufundi, inayojulikana leo kwa alama ASD-STE100, kwa kuwa mafundi wengi wa ndege duniani Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Sentensi ya maelekezo haizidi maneno 20. Sentensi moja, agizo moja. Onyo linakuja kabla ya hatua yenye hatari, halisubiri mwisho. Kipo pia kiwango cha kimataifa cha maelekezo ya matumizi, IEC/IEEE 82079-1, toleo la 2019, kwa hiyo Taasisi ya Viwango haitaanza na karatasi tupu. Baraza la Kiswahili likikaa na mafundi wa umeme, wa bomba na wa mashine kwa wiki chache, tunaweza kupata kanuni fupi ya Kiswahili cha maelekezo pamoja na majina ya vipuri kama tunavyoyatumia kazini, na kanuni hiyo hiyo wakapewa wanaotumia akili mnemba waitie mwanzoni mwa kila agizo. Mashine inatii kanuni za uandishi vizuri sana, pengine kuliko sisi. Tuitumie hapo inapofaa.

Ila kanuni ya uandishi haichukui nafasi ya jaribio, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu, kwa sababu nikisema "jaribio" wengi wanafikiria kikao.

Jaribio ni hivi. Unamchukua mtu ambaye hakuiandika karatasi, mwenye ujuzi wa kutosha asijidhuru lakini asiyekijua kifaa kile. Unampa boksi, vifaa na karatasi. Wewe uliyeandika unakaa pembeni umefunga mdomo. Akiuliza, humjibu, unaandika alipouliza. Akisita, unaandika aliposita. Akifanya kosa la hatari unamzuia, na karatasi imeshaanguka mtihani.

Nilifanya hivyo na karatasi mpya ya akina mama wa mwani, niliyoiandika upya kwa msaada wa akili mnemba hiyo hiyo, safari hii nikiwa nimeipa kitabu cha kontrola na picha ya kibandiko cha betri. Nikampa mwanagenzi ambaye hakuwahi kuufunga mfumo ule. Akafika kwenye hatua iliyosema "kaza skrubu vizuri." Akakaza. Akasimama, akakaza tena. Akanitazama. Mimi kimya. Akakaza mara ya tatu mpaka kichwa cha skrubu kikaanza kuliwa. Neno "vizuri" halimwambii mtu aache wapi. Nikaifuta sentensi ile, nikaandika: "Kaza skrubu. Vuta waya kwa mkono. Waya ukitoka au ukicheza, kaza tena. Waya usipocheza, acha." Hicho ndicho tunachofanya kila siku bila kukisema, na mashine haikukiandika kwa sababu haijavuta waya hata siku moja. Mwenyewe nisingekumbuka kukiandika kama nisingemuona kijana akihangaika na bisibisi.

Yakatoka mengine mawili. Hapakuwa na neno lolote juu ya chumvi. Kitabu asilia kimeandikwa kwa watu walio mbali na bahari. Kwetu upepo wa pwani unaleta kutu ya kijani kwenye ncha za shaba, na bila kupaka grisi mwaka haumaliziki vizuri. Na hatua ya kuzima mfumo haikuwamo kabisa. Karatasi ilieleza kuwasha tu. Akina mama wangejuaje la kufanya radi zikianza kupiga, au siku ya kuhamisha betri?

Najua hoja itakayoletwa: jaribio linachelewesha, mradi una tarehe zake, mfadhili anasubiri picha za makabidhiano. Jaribio nililolieleza lilikwisha asubuhi moja. Linganisheni na kontrola iliyoungua, betri iliyokwaruzwa, na mashine ya kusagia iliyokaa kimya wakati mwani umejaa kwenye vichanja. Na mafundi wa kujaribu wapo. Vituo vya Mafunzo ya Amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe huku Pemba, Mkokotoni na Makunduchi kule Unguja, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, vina wanafunzi wanaotafuta kazi za mikono. Kila mradi unaoleta kifaa Zanzibar ulete kimoja kwenye kituo pamoja na karatasi yake wiki mbili kabla ya kugawa. Wanafunzi waifuate, mwalimu asaini. Wanafunzi watakuwa wamekiona kifaa kipya kabla hakijaharibika, na mwananchi atapata karatasi iliyopita kwenye mikono ya watu. Wale akina mama wanaofundishwa ufundi wa sola pale Kinyasini, ambao wengi wao hawakukaa sana skuli, waitwe pia, kwa sababu karatasi wanayoweza kuifuata wao ataiweza kila mtu.

Lipo la karibu zaidi. Karatasi ambazo zimeshagaiwa bado ziko majumbani na kwenye vibanda vya pampu, zimebandikwa ukutani. Masheha wanajua ni vikundi gani vilipewa mifumo na lini. Naomba agizo litoke kwao wazikusanye nakala, moja kwa kila aina, zipelekwe Vitongoji zikajaribiwe, na zile zenye makosa ziondolewe ukutani na kubadilishwa kabla masika hayajaingia, maana wakati wa mvua na radi ndipo watu hukimbilia karatasi.

Baadhi yetu mafundi wa Pemba tumekwishaanza kuzipiga picha kila tunapozikuta. Tuko tayari kuzileta Chake Chake siku yoyote mtakayotaja, pamoja na kontrola, betri na paneli zetu, tukazifuate mbele ya maofisa wenu mstari kwa mstari. Tunaomba tupewe tarehe, na jibu la barua hii kwa maandishi.

Wenu katika kazi,

Fundi wa umemejua na mwalimu wa wanagenzi,
Wete, Pemba